Majani Yaliyofyekwa Chini ya Nyaya

Nguzo ya umeme ikipigwa na jua la mchana hutoa harufu yake ya peke yake: lami kidogo, dawa ya mchwa kidogo, na kitu cha tatu ambacho hadi leo sijakipatia jina, labda ni harufu ya mti uliouawa kisha ukaamriwa uendelee kusimama. Harufu hiyo ilianza kuingia kwetu dirishani jua likishapanda, ikakaa kwenye chai, ikakaa kwenye mashuka, na Jumapili ikaenda nasi kanisani bila kualikwa. Pamoja nayo kulikuwa na mvumo. Hakuna aliyetuambia kwamba nyaya huvuma. Siku tuliyohamia, Mama alidhani nyuki wamejenga darini, akawasha majani mabichi ili awafukuze kwa moshi. Tulikohoa nyumba nzima, na nyuki wenyewe walikuwa juu ya bati, wamenyooka kutoka nguzo hadi nguzo, wanatoka kwenye mashine za dizeli za Mbinga mjini kwenda kiwanda cha kukoboa kahawa. Sisi tulikuwa hapo katikati. Umeme ulitupita juu kama mtumbwi unavyompita samaki, na samaki haombi lifti. Ndani tuliwasha kibatari. Bi Zuhura, mwenye duka la njia panda, alikuwa akiniona na chupa yangu anaanza kucheka kabla sijamaliza shikamoo. "Marahaba, mtoto wa umeme. Leo tena mafuta ya taa?"

Najua kumbukumbu za utotoni huandikwa na watu wenye mvi na miwani. Mimi niko kidato cha tatu, mvi sina, ila nimekulia chini ya nyaya, na chini ya nyaya mtu anazeeka upesi. Wakati ule nilikuwa darasa la nne, na tulikuwa tumeshuka kutoka mlimani, juu ya Litembo, ambako ukoo wetu umelima kahawa tangu mbegu ya kwanza ilipofika. Zamani kahawa ilipelekwa kwenye chama cha ushirika na malipo yakaja kwa awamu, kama mvua ya mwaka mbaya. Kisha biashara ikafunguliwa, na wanunuzi binafsi wakaanza kupanda milimani na mizani zao, wakilipa palepale kwenye kichanja cha kuanikia. Wanaume wakaanza kwenda mjini kunyoa. Baba yangu, mtu aliyevaa kaptula moja mpaka yenyewe ikawa inaomba likizo, akaanza kumaliza sentensi zake zote na neno "mjini". Maharage yana bei, mjini. Watoto wanasoma, mjini. Hata akipiga chafya ulingoja aseme ni baridi ya mjini.

Kwetu lakini mtu hahami kwa kufunga mlango na kutia ufunguo mfukoni. Ardhi ya ukoo, mgongo mzima wa mlima kati ya vijito viwili, tunaiita ntambo, na anayetoka huikabidhi sehemu yake mbele ya wazee. Moto wa jikoni unazimwa kwa maji. Anayebaki anawasha mwingine kwa kiberiti chake mwenyewe, na tangu hapo wewe uliyetoka ni mgeni. Unapiga hodi mahali ulipozaliwa. Baba alimkabidhi mdogo wake, baba mdogo Gaudensi, sehemu yake pamoja na mibuni yake yote. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyemwaga maji. Majivu yalipiga kelele kama paka, moshi ukatufukuza nje, na Bibi akasema, "Moto uliozimwa haupulizwi." Mimi nilikuwa nimeshapakia begi langu, nikaona anachelewesha safari.

Sasa, ili uelewe baba alivyonaswa, lazima uelewe ngoro. Milima yetu imesimama kama ukuta, na ukiilima kama watu wa tambarare wanavyolima, mvua moja tu inakubebea shamba hadi Ziwa Nyasa, wakalime samaki. Kwa hiyo wanaume hufyeka majani yakiwa marefu, huyaacha yanyauke, kisha huyapanga chini kwa mistari inayokatana, miraba mitupu, kama ukurasa wa daftari la hesabu. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafukia yale majani. Kinachobaki ni shimo lenye tuta pande zote. Maharage hukaa juu ya tuta, maji ya mvua hukaa shimoni na hayaendi popote, na mlima mzima ukiutazama kwa mbali ni sega la asali. Kwa hiyo kwa Mmatengo kama sisi majani yaliyofyekwa vizuri mwezi wa pili si majani. Ni nusu ya kazi ya mwaka. Ni mwanamume fulani amekwisha kufanya sehemu yake na sasa anasubiri kusifiwa.

Aliyetuuzia nyumba alikuwa Bwana Theofridi, karani mstaafu, mwimba besi wa kwaya, mtu wa shati lililopigwa pasi hata akienda chooni. Alimpitisha baba vyumbani haraka, akampeleka nyuma. Na pale, kuanzia ukuta wa jiko kupanda hadi mgongoni mwa kilima, ulikuwa umelala ukanda mpana wa majani yaliyofyekwa, yameelekea upande mmoja kama nywele zilizochanwa, yananukia utamu ule wa majani yanayoanza kukauka. Mteremko ulikuwa wa haja. Hakuna kisiki, hakuna jiwe. Baba aliokota konzi moja, akainusa, akasema, "Kazi safi sana hii." Theofridi akasema, "Karibu sana." Basi. Baba aliyasimulia mazungumzo hayo mara nyingi baadaye, akiyatafuta shimo, na kila mara sehemu ya Theofridi ilikuwa fupi vilevile. Hakudanganya. Alinyamaza kwa ustadi wa mtu aliyekaa ofisini maisha yake yote. Na nyaya je? Baba aliziona, tena akafurahi, akidhani nyumba iliyo karibu na umeme huwashiwa kwanza, kama mtoto aliyekaa karibu na sufuria. Watu wa Mbinga walipenda kusema baadaye kwamba tuliuziwa mbuzi kwenye gunia. Si kweli. Mbuzi tulimwona, tukampapasa, tukamfungua na mdomo. Gunia ndilo hatukuliona, kwa sababu lilikuwa juu ya vichwa vyetu.

Mwezi wa tatu wazazi wangu waliingia kazini. Baba alipanga majani, Mama akachimba kuanzia jikoni kwenda juu hadi kwenye nguzo, akaizunguka nguzo, akauzunguka na ule waya mnene unaoishikilia kutokea ardhini, akaendelea. Majirani walisimama njiani kutazama. Baadhi yao walikuwa watu wa mwambao wa ziwa, kutoka Lipingo na kule chini, wanaolima muhogo mchangani, na walidhani tunatafuta madini. Mimi niliwaambia ndiyo, na kwamba tukiyapata tutawaajiri. Maharage yakaota kijani kibichi, mvua zikashuka zile za masika zisizojua kuaga, na kila shimo likapata jicho lake la maji. Ngoro ilifanya kazi ambayo imeifanya miaka yote. Ilishika maji. Iliyashika mteremkoni, iliyashika jikoni, na iliyashika vizuri kabisa kwenye mguu wa nguzo.

Asubuhi moja nilitoka kupiga mswaki nikaona nguzo imeinama kuelekea kwetu. Si sana, kiasi cha mtoto mwenye adabu anayesalimia. Nikaingia ndani nikasema, "Baba, nguzo inakuamkia huko nje. Iitikie marahaba." Kwa kawaida utani kama huo ulikuwa unanipatia angalau guno. Baba alitoka na kikombe chake, akasimama mvuani mpaka chai ikawa nyingi kuliko aliyomiminiwa, akarudi. "Skola, kuanzia leo hakuna kupita nyuma." Mama akauliza jiko je, maana jiko lilikuwa hukohuko nyuma. Baba akasema tutapikia sebuleni. Vitanda vikahamishwa navyo, na familia nzima ikawa inaishi katika chumba cha mbele, pamoja na mafiga, kuku wawili na harufu ya nguzo. Tulipokaa kula, kila mtu alikuwa anasikiliza juu. Unajua mtu anavyotafuna huku anasikiliza? Anatafuna taratibu, kama mwizi. Nyaya zilikuwa zimelegea, zikawa zinavuma kwa sauti nyingine, nzito, sauti ya mtu anayefikiria kusema jambo.

Baba alikwenda ofisi ya umeme akaambiwa wameshasikia. Walikuja na lori, wakiongozwa na msimamizi mrefu mwenye buti za mpira, mtu wa mbali kwa Kiswahili chake. Alitazama nguzo, akatazama chini, akavua kofia.

"Nani amechimba mahandaki haya?"

"Si mahandaki, mzee," baba akasema. "Ni ngoro."

"Ni nini?"

"Ngoro. Shamba."

"Shamba la nani? Huu ni mkuza, bwana, ni njia ya umeme. Hapa hapalimwi, hapajengwi, hapakaliwi. Sisi wenyewe tunakuja kufyeka kila mwaka, wewe umelala wapi?"

Baba hakusikia habari ya kujenga wala kukaa. Niliona wazi kwamba amebaki nyuma kwenye neno moja. "Mnafyeka nyinyi?" akauliza.

"Kila mwaka."

"Haya majani niliyoyakuta, mlifyeka nyinyi?"

Msimamizi akamtazama kama mtu anayeulizwa nani huwasha jua. Vijana wake wakacheka. Baba aliinama akachomoa kipande cha jani bovu lililokuwa limechungulia kutoka kwenye tuta, akakiviringisha vidoleni.

Nguzo ilinyooshwa kwa kamba na kelele, ikashindiliwa mawe. Mama akaamriwa afukie ngoro zote, na maharage yalikuwa yamechanua, maua meupe madogo. Aliyang'oa mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akayalaza kwa mafungu kana kwamba kuna mtu atakuja kuyapanda tena. Kabla ya kuondoka, kijana mmoja wa lori alichovya brashi kwenye kopo la rangi nyekundu akachora X ukutani, kando ya mlango wa mbele. Ilikuwa X nzuri, kwa kweli. Mwalimu wangu wa hesabu asingeweza. Baba akauliza watakuja kubomoa lini. "Mtajulishwa," msimamizi akasema, na hilo ndilo neno tuliloishi ndani yake kuanzia hapo. Lilikuwa jembamba kuliko chumba cha mbele.

Maana fikiria. Bati linavuja: utapiga bati jipya kwenye nyumba itakayobomolewa? Ukuta una ufa: utauziba ili uvunjwe ukiwa mzima? Mlango ulipoanguka bawaba, baba aliusimamisha kwa gogo, na gogo likawa mlango. Kulima haturuhusiwi, kuuza nani anunue X, kungoja ndiyo kazi pekee tuliyoachiwa, nayo haina msimu wa kuvuna. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Hawakusema lolote kuhusu mtu aliyevua nguo, akaambiwa asubiri maji yaletwe. Mama, ambaye si mtu wa kuzunguka, alisema lile lililokuwa kooni mwa kila mmoja: "Baba Skola, nenda kwa mdogo wako. Kuomba si kuiba."

Akaenda. Tulimpa siku nzima, na mimi nilimwona akipanda njia ya Litembo na shati lake la Jumapili. Alirudi jua likizama, kabeba mkungu wa ndizi. Tulimzunguka. Alisema walimpokea vizuri. Alipiga hodi, wakamkaribisha, akakaa kwenye kiti cha wageni, akala ugali na maharage, akaonyeshwa mibuni jinsi ilivyopogolewa. Wakazungumza habari za mvua. Kisha wakampa ndizi, akaaga. "Na ulisema?" Mama akauliza. Baba akaweka mkungu chini polepole. "Walinipa kiti, mama. Cha wageni. Mtu aliyepewa kiti anaomba nini tena?" Zile ndizi zilikuwa tamu sana na hakuna aliyezisifu.

Februari iliyofuata lori lilikuja tena, vijana wakafyeka kutoka kilimani hadi ukutani kwetu, wakaondoka. Wiki hiyohiyo akatokea mnunuzi. Ilikuwa kazi ya Mama. Alikuwa amepenyeza habari sokoni, kwa wanawake wa milimani, kwamba kuna nyumba mjini yenye shamba. Mgeni aliitwa Mzee Otmari, wa Kitura, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, na koti alilolinunua karibuni maana mikunjo ya dukani ilikuwa bado mgongoni. Mama alimwona kwa mbali akaingia ndani, akatoka na ungo na kanga mbili, akavitundika ukutani kando ya mlango. Alivitundika vizuri, X yote ikaenda chini. Akanitazama. Mimi, ambaye mdomo wangu ulishanipatia viboko katika kila shule niliyosoma, nilielewa kwamba leo kuufungua kuna bei.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Hawajambo humu?"

Baba alimpitisha vyumbani, na sikuweza kujizuia kuona kwamba alipita haraka. Kisha wakatoka nyuma, nami nikawafuata na birika la chai. Majani yalikuwa yamelala upande mmoja, yananukia. Mzee Otmari alisimama. Uso wake ukafunguka taratibu, na nilijua anachokiona kwa sababu nilikuwa nimesimuliwa mara nyingi mno. Aliokota konzi, akainusa. "Ah," akasema. "Mwanamume hujulikana kwa mfyeko wake. Umefyeka, baba."

Baba alikuwa na kikombe mkononi. Akanywa. Mama alikuwa mlangoni, mkono mmoja kwenye kizingiti, na sijawahi kumwona mtu akisali bila kufumba macho isipokuwa siku ile. Mzee Otmari akaendelea kuongea, mwenye furaha, akipima mteremko kwa mguu. Alisema hapa mkewe atachimba kuanzia jikoni, kule watapanda maharage. Alisema kijana wake mkubwa ataingia sekondari. Alisema mdogo wake kule Kitura anangoja tu neno. Wazee wamekubali kukaa Jumamosi, moto utazimwa, naye atakabidhi.

"Jumamosi hii?" baba akauliza.

"Jumamosi hii."

Baba akatazama ndani ya kikombe chake, ambacho nilikuwa na hakika kilikuwa kitupu. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, "Haya majani sikufyeka mimi."

Mzee Otmari akatabasamu bado. "Kafyeka nani?"

"Wenye nyaya."

Ndipo yule mzee alipoinua kichwa, mara ya kwanza tangu afike. Alizitazama nyaya kutoka upande huu hadi upande ule. Aliitazama nguzo na mawe yake. Kisha akaifungua mikono yake mikubwa, majani yakaanguka. Baba akamweleza yote kwa ufupi: mkuza, maji, nguzo, X iliyo nyuma ya ungo. Mwishoni akamwambia, "Moto wako usiuzime, baba." Mzee Otmari alishukuru kwa mikono miwili, akamaliza chai kwa heshima, akaaga. Alipopita mbele ya nyumba hakutazama ungo, na hiyo nayo ilikuwa heshima.

Mama aliachia kizingiti. Alikwenda ukutani, akatungua kanga, akatungua ungo, akakaa chini ya ile X akaanza kupepeta mahindi kwa nguvu ambayo mahindi hayakuihitaji. Baba akakaa kwenye gogo la mlango. Pumba zilikuwa zinampata usoni na hakuhama.

Miaka imepita. Msimamizi yule amestaafu, na hatujajulishwa. Zamani, nikiwa darasa la nne, nilidhani kunaswa ni kufungiwa. Sasa najua mtu anaweza kunaswa mlango ukiwa wazi, tena mlango wenyewe ukiwa gogo. Siku hizi wanasema hata umeme utabinafsishwa, na Mama ameuliza kama X nayo itabinafsishwa au itabaki ya serikali. Mimi ninasoma bweni, huku mwambao, ambako taa zinawaka na maji ya Nyasa yanagonga mawe chini ya mabweni. Juzi mwalimu wetu wa biashara alisema soko huria ni muuzaji na mnunuzi kukutana kwa hiari, kila mmoja akijua anachokipata, akaomba mfano. Nikanyoosha mkono nikasema baba yangu alilifanya soko hilo siku moja, na hakuuza kitu. Darasa likacheka, kama ilivyo kawaida yao nikifungua mdomo. Mwalimu hakucheka. Aliuliza kama baba yangu anajuta. Nikasema sijui, hajawahi kusema, na kwamba mimi mwenyewe kuna siku namheshimu na kuna siku, mvua ikinyesha, namhesabia hatia. Mwezi ujao likizo inaanza. Nitapanda gari hadi Mbinga, nitapiga hodi kwetu, na nitalala chumba cha mbele, katika nyumba ambayo mwenye nayo angeweza kuiuza kwa kunyamaza tu mpaka mgeni amalize chai.